Papa Kesho na Kifuniko cha Tangi

Ésaïe Kahongya alikuwa mwoga, na katika komini nzima ya Mulekera hapakuwa na mtu asiyelijua hilo. Mwenyewe hakulificha. Alikuwa amebeba abiria kwa pikipiki mjini Beni kwa miaka kumi na tisa, hakuwahi kulazwa hospitali, hakuwahi kuvunjika hata kidole, na wenzake walipomuuliza anatumia dawa gani aliwajibu bila haya, "Mi naogopaka. Bale habaogopake, tulishabazika."

Kwenye kituo cha pikipiki walimpa jina la Papa Kesho. Abiria akitaja barabara yoyote inayopita msituni, Ésaïe huangalia mawingu, huangalia tairi la mbele, kisha husema, "Tutaona kesho." Kesho yake husema hivyo hivyo. Vijana wenye pikipiki mpya walikuwa wakimcheka mpaka wanajishika mbavu, halafu wanakwenda wao. Wengi walirudi salama. Wawili hawakurudi, na tangu hapo kicheko kilipungua kidogo, ingawa jina lilibaki.

Pikipiki yake nayo ilikuwa ya kuchekwa. Ilikuwa ndogo, ya zamani, kiti kifupi, rangi imebanduka hadi hujui ilizaliwa nyekundu au kahawia. Aliinunua Butembo kwa padri mmoja aliyeizungusha kwenye vigango vya milimani mpaka wote wawili wakachoka. Lakini Ésaïe aliijua ile pikipiki kuliko alivyoyajua magonjwa ya tumbo lake. Alipotoka kwao Kasugho akiwa kijana, alifundishwa kazi Butembo na fundi mmoja mkali aliyeitwa Kasonia, na Kasonia alimpa somo moja ambalo hakulisahau. "Motere inaombaka vitu tatu tu," alimwambia. "Courant, mafuta, na hewa. Ikikosa moja, inakufa. Ukikwama mu njia, hapana kulia. Uliza moja moja." Motere ni injini, na courant ni ile cheche ya plagi. Kwa somo hilo Ésaïe alikuwa amejitoa katika mikwamo mingi, yote ya mjini, yote mchana, yote mbele ya duka fulani.

Jumanne moja ya msimu wa kakao, saa nne asubuhi, simu ya mkewe Jokébed ililia. Aliyepiga alikuwa jirani wa mama yake, kutoka kijiji kidogo kiitwacho Vusengwa, kilomita tisa nje ya kizuizi cha mwisho cha wanajeshi. Watu wasiojulikana walikuwa wameonekana kwenye mashamba ya kakao. Kijiji kizima kilikuwa kinaondoka kwa miguu. Mama Kyakimwa, mama yake Jokébed, alikuwa na magoti mabovu na asingeweza kutembea hata kilomita mbili, kwa hiyo wamemwacha mlangoni kwake na maji ya kunywa.

Jokébed hakulia. Alivaa kandambili, akaenda kituoni, akawaomba vijana watatu, mmoja baada ya mwingine. Wote watatu walitazama chini. Kisha, kama waliokuwa wamepatana, wakamgeukia Ésaïe. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Papa Shekinah," Jokébed alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la binti yao kama alivyomwita siku zote, "mama yangu iko kule peke yake. Miye hapana kukulazimisha. Niambie tu: leo, ama kesho?"

Ésaïe alitamani pikipiki yake iwe imekufa usiku, hata injini iwe imepasuka, ili awe na neno la kusema. Lakini pikipiki ilikuwa nzima. Aliipiga teke moja tu ikawaka, mshenzi yule.

"Leo," akasema, na sauti ilimtoka nyembamba.

Kwa kuwa alikuwa mwoga, alijiandaa kama mwoga. Alipima hewa ya matairi, alikaza mnyororo, alifunga rozari kwenye usukani, na juu ya mafuta yaliyokuwemo tangini alitia kwenye mkoba chupa mbili kubwa za petroli, maana alichoogopa kuliko vyote ni kuishiwa mafuta katikati ya kakao. Kwenye kizuizi, sajenti mmoja mrefu aitwaye Valère, mwenyeji wa Kananga aliyeletwa huku na jeshi, alimtazama yeye na pikipiki yake kwa huruma.

"Vieux, saa kumi nafunga barrière," akasema. "Nikishafunga, hapana kufungua. Même kama ni mama yangu."

"Ni mama mukwe wangu," Ésaïe akajibu, asijue kwa nini anajibu hivyo.

Hapa inabidi nisimame kidogo nieleze, maana bila hili mengine hayataeleweka. Kwa watu wa familia ya Jokébed, mwanaume hamgusi mama mkwe wake. Hampi kitu mkononi, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Wengi wa mjini wameanza kuiacha desturi hiyo, lakini Mama Kyakimwa hakuiacha, na Ésaïe, ambaye aliogopa hata mbwa wa majirani, angeanzia wapi kuivunja? Walikuwa wakwe kwa miaka kumi na miwili na alikuwa hajui macho yake yana rangi gani. Mama huyo akitaka kumwambia neno, alilipitisha kwa mtoto. Mtoto akikosekana, alimwambia kiumbe chochote kilicho karibu.

Ésaïe alipofika Vusengwa saa nane na robo, kijiji kilikuwa kimya. Milango imefungwa kwa kamba, kakao imeachwa kwenye maturubai juani. Mama Kyakimwa alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, ameipa barabara mgongo kama inavyotakiwa, mfuko mkubwa wa nguo pembeni na kuku jike mwekundu mapajani.

"Wasibire, mama," Ésaïe akasalimu, macho kwenye ukuta.

"We kuku," mama akasema, "umuambie papa Shekinah wasibire. Na umuambie amekawia."

Sasa tatizo likawa kiti. Kilikuwa kiti cha padri mmoja na mkoba wake, si cha wakwe wawili. Ili mgongo wake usimguse mama, Ésaïe alichukua ule mfuko wa nguo akausimamisha katikati ya kiti. Mama akapanda nyuma na kuku wake, mfuko ukamkinga kifuani. Nafasi iliyobaki kwa dereva ilikuwa juu ya tangi lenyewe. Na hapo ikaja shida ya pili: alikuwa ametoka kumimina zile chupa mbili na tangi lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Kifuniko chake kilikuwa cha zamani, kimelegea, na kwenye mashimo petroli ingeruka kwa kile kitundu kidogo cha juu imlowanishe mahali pabaya. Mwanaume anayenuka petroli mapajani mbele ya mama mkwe wake! Ésaïe akachomoa sacheti mfukoni, ule mfuko mwembamba wa plastiki, akakiviringisha kifuniko chote mara tatu, kisha akakaza kwa ukanda wa mpira wa tairi la ndani. Hata tone halikutoka. Alijisifu moyoni, akapanda.

Walipiga kama kilomita moja na nusu. Injini ikapoteza nguvu, ikakohoa, ikazima.

Ukimya ulioingia baada ya hapo Ésaïe hakuupenda hata kidogo. Mjini pikipiki ikizima unasikia redio, watoto, mtu anagombana na mkewe. Hapa alisikia majani ya kakao tu, na moyo wake.

Aliuliza moja moja kama alivyofundishwa. Alifungua plagi: kavu, safi. Aliigusisha kwenye chuma na kupiga teke: cheche ya buluu, nzuri kabisa. Courant ipo. Alifungua kichujio cha hewa, akakikung'uta: safi. Hewa ipo. Basi ni mafuta. Lakini tangi alilijaza kwa mkono wake mwenyewe, ameyaona mafuta kwa macho, bomba limefunguliwa. Alichomoa mpira unaoteremsha petroli kwenye kabureta. Yalitoka matone manne, yakakoma. Uchafu, akawaza. Akauweka mpira mdomoni, akapuliza kwa nguvu kuelekea tangini, petroli ikamchoma ulimi, na alipoushusha mafuta yakamiminika vizuri. Akarudisha kila kitu. Ikawaka teke la tatu. Kazi yote, pamoja na plagi iliyomponyoka mara mbili na kupotea majanini, ilimla dakika thelathini.

"Ni buchafu tu, mama," akauambia usukani.

Mama Kyakimwa akamfuta kuku vumbi.

Kilomita moja na nusu nyingine, ikazima tena. Safari hii ilikuwa mbele ya nyumba moja ya udongo peke yake kando ya njia. Mlango ulikuwa wazi. Uani kulikuwa na mafiga matatu, na kwenye chungu maharage yalikuwa bado yanatoa mvuke. Mwenye chungu hakuonekana. Mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye mgomba aliwatazama, akataka kulia, akanyamaza, na Ésaïe alihisi nywele zikimsimama kwa sababu ya yule mbuzi kuliko kwa kitu kingine chochote. Mbuzi anajua nini mpaka anyamaze?

Saa yake ilionyesha saa tisa na dakika tano. Alipuliza mpira tena, akafunga bomba, akaishusha kabureta yote, akaifungua juu ya kitambaa chake cha kichwa. Lazima uchafu umeingia kwenye kile kitundu chembamba kama uzi ambamo petroli hupita. Alihitaji kitu cha kukizibua, na waya wake mwembamba alikuwa ameuacha Mulekera, kwenye kopo, juu ya kabati, alikuwa anaona hata kopo lenyewe. Alianza kupapasa mifukoni, akapapasa chini, akatukana kimoyomoyo. Nyuma yake kuku alipiga kelele fupi. Kisha unyoya mmoja mwekundu ukaanguka kwenye majani, hatua mbili kutoka mkono wake.

"We kuku," mama akasema polepole, "umuambie papa Shekinah, mti ya manyoya iko nguvu, na ni nyembamba."

Ésaïe aliuokota. Kishina cha unyoya kiliingia kwenye kitundu barabara. Akakisugua, akakipuliza, akaona mwanga upande wa pili. Akaifunga kabureta huku akimsikia mbuzi anatembea, anasimama, anatembea. Alipofungua bomba mafuta yalishuka, na pikipiki ikawaka. Aliondoka kwa kasi mpaka mama akaguna.

Alimwomba Bikira Maria, akamwomba Muumba, Nyamuhanga, kwa Kinande, akamwomba hata yule padri mwenye pikipiki. Akaahidi kwamba akifika, hataendesha tena hata kwenda sokoni. Kwenye kilima cha katikati ya njia, penye kakao pande zote mbili hadi matawi yanakutana juu, injini ikapoteza nguvu. Ikakohoa. Ikazima.

Kilomita nne na nusu mbele kulikuwa na kizuizi. Saa tisa na nusu ilikuwa imepita kwa dakika tano.

Ésaïe alishuka, akachuchumaa kando ya injini, na hakufanya kitu. Bisibisi ilikuwa mkononi. Huko nyuma, mbali, upande wa ile nyumba ya maharage, ililia risasi moja, kisha nyingine mbili. Alianza kulia bila sauti, machozi tu, mwanaume wa miaka arobaini na mmoja.

"Courant iko," alinong'ona. "Mafuta iko. Hewa iko. Nimeuliza yote. Nimeuliza yote, mama, na inakataa."

Mama Kyakimwa alikuwa ameshuka, amekaa kwenye ukingo wa njia, miguu ameinyoosha kwa ajili ya magoti. Alimgeukia kuku wake.

"We kuku," akasema, "miye siyajue mambo ya pikipiki. Miye najua bidon. Nimeuzisha mafuta ya mawese miaka makumi tatu. Bidon ikiyala mpaka juu, unaitoboaka tundu kidogo karibu na mukono, ili hewa iingie, ndio mafuta itoke. Tundu ile, ukiifunga na sabuni, mafuta inakataa. Hata uitingishe. Na bidon yenyewe inabonyea." Kisha akaongeza, "Ile sacheti ya papa Shekinah imebonyea."

Kwanza Ésaïe alikasirika. Nikwambie kweli, katikati ya woga ule wote alikasirika, kwamba mwanamke wa mawese anamfundisha kazi mwanafunzi wa Kasonia. Kisha akainua macho kwenye kifuniko. Plastiki aliyoiviringisha kwa mkono wake ilikuwa imenywea ndani, imeshikana na chuma, na katikati, juu ya kile kitundu kidogo, palikuwa pamebonyea mfano wa kitovu.

Hewa. Alikuwa ameuliza hewa ya injini, hakuuliza hewa ya tangi. Kila alipopuliza mpira aliingiza pumzi yake mwenyewe tangini, na pikipiki ikatembea kwa pumzi hiyo kilomita moja na nusu, ikaisha. Na tundu aliliziba yeye, kwa sababu ya adabu. Alinyoosha mkono kuufungua ule ukanda, na hapo mama akamshika kuku mdomo.

Ésaïe akageuka. Chini ya kilima, hatua kama mia mbili nyuma yao, watu walikuwa wanavuka barabara.

Walivuka mmoja mmoja, wakitoka kakao ya kushoto kuingia ya kulia, na hakuna aliyesema neno. Wengine walibeba bunduki, wengine mapanga, mmoja sufuria kubwa kichwani. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Ésaïe alihesabu hadi kumi na mmoja, kisha macho yakakataa kuhesabu. Walikuwa nani, hata leo hajui. Hakuna aliyetazama juu ya kilima isipokuwa wa mwisho. Huyo alifika katikati ya barabara, akasimama, akageuza kichwa.

Wakatazamana.

Yule mtu hakupiga kelele wala hakuinua bunduki. Alianza tu kupanda kilima kuwafuata, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuuliza njia.

Ésaïe alikata ukanda kwa bisibisi. Sacheti ikaachia, na tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu, fyuuu, ambao masikioni mwake ulisikika mpaka Butembo. Na hapa ndipo ufundi ulipokuwa mateso. Maana fundi anajua: kabureta ni tupu. Ukipiga teke sasa unapiga bure, na ukipiga ovyo utailoweka plagi isiwake kabisa. Petroli lazima iteremke kwanza ijaze kile kibakuli cha chini. Kasonia alimfundisha kuhesabu mpaka kumi, polepole, mikono nyuma.

Akahesabu. Moja. Mbili. Yule mtu alikuwa amevaa buti za mvua, moja nyeusi, moja ya kijani. Tatu. Nne. Mama Kyakimwa alikuwa ameinuka, magoti yake yakilia, akapanda kwenye kiti bila kuambiwa. Tano. Sita. Sasa mlio wa buti ulisikika kwenye kokoto. Alipofika saba, Ésaïe alihisi ujoto ukimteremka mapajani hadi kwenye soksi, na hakuweza kuuzuia. Nane. Yule mtu alisema neno moja, kwa lugha ambayo Ésaïe hakuifahamu, kwa sauti ya kawaida kabisa. Tisa.

Kumi. Akapiga teke, ikawaka.

Alipotaka kujipenyeza juu ya tangi hakukuta mfuko nyuma yake. Mama Kyakimwa alikuwa ameutupa mtaroni, nguo zake zote, mfuko mzima. Kuku alikuwa ndani ya blauzi yake, kichwa tu nje. Mikono yake miwili ilimzunguka mkwewe kiunoni, ikamkamata shati, na mdomo wake ukawa sikioni mwake.

"Papa Shekinah, tuende!"

Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia yeye mwenyewe. Ésaïe akaachia klachi.

Hakugeuka nyuma. Alisikia mlio mmoja, labda risasi, labda jiwe chini ya tairi. Tangi lilikuwa limejaa na kifuniko kiko wazi kwa hewa, kwa hiyo kila shimo lilimrushia petroli mapajani, ikamchoma ngozi kama pilipili, na yeye akawa anashukuru kwa kila tone, maana kila tone lilimwambia kwamba mafuta yapo na yanatembea. Nyuma yake alisikia mama mkwe wake akisali kwa Kinande, neno lile lile moja, bila kupumzika. Mgongo wake wote ulikuwa kifuani mwa mama huyo na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuona haya.

Walipotokea kwenye kizuizi, askari wawili walikuwa wameshika mti mrefu wa kizuizi, wanaushusha. Sajenti Valère aliinua mkono, wakauacha nusu. Pikipiki ikapita chini yake, ikatembea hatua ishirini, na Ésaïe akaisimamisha kwa kuangukia kwenye ukuta wa mifuko ya mchanga.

Akajaribu kushuka, akashindwa. Vidole vya mama vilikuwa vimegandamana kwenye shati lake na havikufunguka. Mama mwenyewe alivitazama kwa mshangao, kama si vyake. Ikabidi Valère aje avifungue kimoja kimoja, taratibu, akisema, "Pole, mama, pole, ni bon, mumefika." Alimuuliza Ésaïe wamewaona wangapi na wapi, akamtuma askari mmoja kwenye redio.

Ndipo Ésaïe alipojaribu kusimama wima, na suruali yake ikaonekana. Ilikuwa suruali ya kijivu, na ilikuwa imelowa kuanzia kiunoni mpaka vifundoni.

"Eh, vieux asubi!" askari mmoja kijana akapaza sauti kwa Kilingala, na wale wengine wakaangua kicheko, kwamba mzee amejikojolea. Pembeni walikuwapo madereva wawili wa kituo cha Mulekera, waliokuja kuangalia kama atarudi. Wakasogea. Ésaïe aliona kabisa jina jipya likizaliwa kwenye midomo yao, jina baya kuliko Papa Kesho, la kumfuata mpaka kaburini. Akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli.

"Munacheka nini?"

Ilikuwa sauti ya Mama Kyakimwa. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili mibovu, kuku kifuani, na alikuwa anawaangalia askari wote kwa pamoja.

"Ile ni esanse," akasema. "Mumefunga pua? Kuja munuse. Pikipiki ilikufa mara tatu, na mara tatu mukwe wangu aliitengeneza. Batu balikuwa banakuja na bunduki, ye anahesabu. Anahesabu mpaka kumi, anangoja mafuta ishuke. Nani kati yenu angengoja?"

Kijana wa kwanza alikaribia, akanusa, akakunja pua. Kweli petroli ilinuka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikafa. Mmoja wa wale madereva alivua kofia yake.

Kisha Mama Kyakimwa akageuka, akamtazama Ésaïe usoni. Macho ya mama yalikuwa ya kahawia, mekundu pembeni kwa vumbi. Alikuwa amekaa nyuma yake, amembana kiunoni, magoti yake yamegusa mapaja ya Ésaïe kilomita nne na nusu. Alijua kila kitu kilichokuwa kwenye suruali ile, na Ésaïe aliona kwamba anajua.

"Tuende nyumbani," akamwambia.

Usiku ule mama alilala jikoni, na desturi ilirudi mahali pake. Ésaïe alikula chumbani, mama akala uani, na kati yao walikuwapo Jokébed na Shekinah, binti wa miaka tisa, wakipeleka maneno na kuyarudisha. Ésaïe hakusinzia. Kila alipofumba macho alihesabu mpaka saba.

Alfajiri Jokébed alitafuta ile suruali aifue, asiione. Alipotoka nje aliikuta kwenye kamba, imeshafuliwa, imekamuliwa, inachuruzika maji. Sabuni yote iliyonunuliwa juzi ilikuwa imeisha. Mama yake alikuwa ameketi kando ya beseni, ameipa nyumba mgongo, anamtupia kuku punje za mahindi. Kwao, mama kufua suruali ya mkwe wake ni jambo ambalo Jokébed hakuwahi hata kulisikia, na alisimama mlangoni.

Nyuma yake Ésaïe alitokeza, akaona kamba, akasimama naye.

"Shekinah," mama akasema bila kugeuka, "umuambie papa yako, harufu ya esanse imetoka yote."